Nikimdai kaka haki yangu, nitakuwa nimeacha upole?

SWALI

"Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Langoni, Lamu. Baba yetu alifariki miaka tisa iliyopita, mama akiwa ameshatangulia. Tumebaki ndugu watatu: kaka yangu mkubwa, mdogo wetu wa kiume aliye Mombasa, na mimi. Baba aliacha nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani. Kaka anakaa chini, na orofa ya juu anaiweka wageni. Miezi mizuri hupata pesa za maana, miezi ya mvua hapati kitu. Kila Ramadhani hunipa shilingi 5,000 pamoja na unga na tende. Sijawahi kumuuliza neno, na watu hunisifu kuwa mimi ni mtu wa suluhu, sipendi makuu. Sasa watoto wangu wamekua, wananambia mimi si mpole, ni mnyonge. Na juzi nimesikia nje kwamba kaka yuko mbioni kumkodisha mgeni nyumba yote kwa miaka kumi. Nataka kusema naye lakini naogopa kuvunja undugu. Wengine wananambia niende kwa Kadhi moja kwa moja. Je, nikidai nitakuwa nimeiacha tabia yangu? Upole una mwisho?"

JIBU

Wa aleikumu ssalaam, dada yangu, na Mungu awarehemu wazazi wenu.

Unauliza kuhusu nyumba, lakini chini yake umelaza swali zito zaidi: kama mtu mpole ana ruhusa ya kutaka chake. Nakujibu waziwazi kwamba anayo, na katika hali yako imekuwa lazima. Mtu wa suluhu huijua haki yake, huitaja mbele ya mwenziwe, mwenziwe huikubali, kisha kwa ridhaa yake huachia sehemu ili watu wakae kwa wema. Wewe hujaitaja, kaka hajaikubali, na ulichoachia hukijui ni kiasi gani. Kwa hivyo baina yenu suluhu haijafanyika bado. Kilichokuwapo miaka tisa hii ni kimya. Sikulaumu kwa kimya hicho, maana ulikuwa umefiwa, ulikuwa na watoto wadogo, na kaka mkubwa kwetu ni baba wa pili. Lakini yeye hana njia ya kujua kama umemsamehe, umesahau, au unamngoja. Huenda anaamini kwa moyo safi kwamba zile 5,000 za Ramadhani ni hisani anayokufanyia, na wewe kila mwaka unapozipokea kwa shukrani unamthibitishia hivyo.

Kuhusu wanao, usiwakasirikie. Wanakuona mama yao unavyorudi kutoka Mkomani, unavyokaa kimya jikoni, na pengine wamekusikia ukimnong'oneza shoga yako. Kuna alama moja ninayoitegemea kuliko nyengine zote ninapokaa na ndugu waliokwazana: aliyeachia kwa ridhaa hasimulii. Amesamehe, ameondoka, jambo halimrudii usiku. Anayesimulia kwa majirani kile alichomwachia nduguye hajakiachia, bado amekishika kwa mkono wa pili. Jipime mwenyewe kwa alama hiyo kabla hujafanya lolote. Ukijiona kwamba umeridhika kwa dhati na 5,000 na hutaki zaidi, basi una haki ya kuridhika, hata wanao wakisema nini. Lakini usingeniandikia.

Katika hili dini yetu iko wazi kuliko watu wanavyodhani, na sisi watu wa mwambao tulio Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Shafii, tuna msimamo ulio mkali kuliko wa wenzetu. Mahanafi, Wamaliki na Mahanbali, wafuasi wa madhehebu mengine matatu ya Kisunni, wanakubali suluhu hata pale mmoja anapokana kwamba mwenziwe anamdai. Katika madhehebu ya Shafii, suluhu ya mali baada ya kukana haisihi. Lazima kwanza aliyeshika mali akiri kwamba mwenziwe ana haki ndani yake. Hoja yao ni nyepesi kuifahamu. Ikiwa unachodai ni chako kweli na mwenzio amekikana, kisha akakupa kipande ili unyamaze, amekulipa mali yako kwa mali yako. Na ikiwa si chako, umekula cha mtu. Kukiri ndiko kunakoipa suluhu pa kusimama. Sijui fundisho jengine linalomfaa mtu mpole kuliko hili: upole wako uanze baada ya kukiriwa, kwa sababu ukianza kabla, hakuna ajuaye umetoa nini.

Utasikia pia watu wakikusomea Aya ya 128 ya Suratun-Nisaa, kwamba suluhu ni bora. Ni kweli, na iliteremka katika jambo la mke na mume. Wengi huishia hapo. Aya inaendelea papo hapo kusema kwamba nafsi zimewekewa uchoyo. Maneno mawili hayo yamewekwa pamoja makusudi. Anayetaka suluhu aingie akijua kwamba uchoyo umo chumbani, kwa kaka yako na kwako pia, na kwamba hautoki kwa kufumbiwa macho. Na katika Suratul-Hujurat, Aya ya 9, waumini wanaamrishwa wapatanishe makundi mawili yanayopigana, lakini likidhulumu moja lizuiwe mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu, ndipo wapatanishe kwa uadilifu. Upatanishi usio na uadilifu haukutajwa humo. Tena kuna Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba suluhu inajuzu baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharimisha halali. Kumnyima mrithi fungu lake, kisha watu wazima wakaambiana "tumesuluhisha", ni katika hizo zisizojuzu.

Mfano mkubwa wa mtu mpole katika makubaliano tunao, nao ni Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628 Miladia. Nitakaa hapo kidogo, maana watu huutaja mkataba ule kama kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikubali kila alichoambiwa. Sivyo ilivyokuwa. Alitoka Madina na watu kama 1,400, wakiwa katika ihramu ya kwenda Makka kufanya umra, na wanyama wao wa kuchinja. Makureshi, wenye mji wa Makka, wakawazuia. Kabla ya kuandikwa chochote alimtuma Uthman bin Affan aingie Makka akaseme nao, na ilipovuma kwamba Uthman ameuawa, masahaba walimpa Mtume bai'a, yaani kiapo cha utii, chini ya mti. Mkataba ulikuja baada ya hapo. Kwa hivyo aliyekaa kuandikiana alikuwa mtu mwenye njia nyengine, akaichagua suluhu. Hilo ni jambo la kwanza.

La pili ni nini alichoachia. Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, alikataa kuanza na "Bismillahir-Rahmanir-Rahim", akasema hamjui Rahman, iandikwe "Bismika Allahumma". Mtume akakubali. Akakataa iandikwe "Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu", akataka "Muhammad bin Abdillahi". Ali, aliyekuwa mwandishi, hakuweza kuifuta kwa mkono wake. Mtume akasema, "Wallahi mimi ni Mtume wa Mwenyezi Mungu hata mkinikadhibisha," na jina likabadilishwa. Tazama, dada yangu: karatasi ilibadilika, lakini yeye hakujikana hata kidogo, alilisema neno lake kwa ulimi mbele ya wote. Akaachia pia mwaka ule, wakarudi bila ya umra. Akaachia hata sharti lililowauma masahaba kuliko yote, la kumrudisha Makka atakayemkimbilia. Kwa upande wake alipata amani ya miaka kumi na kibali cha kuingia Makka mwaka unaofuata kwa siku tatu. Na zaidi ya yote, Makureshi waliokuwa wakimwona mkimbizi walikaa wakaandikiana naye kama wakili wa umma kamili. Aliachia maneno, heshima ya jina na wakati. Haki ya kuifikia Al-Kaaba hakuiachia, aliiakhirisha kwa mwaka mmoja ikiwa imeandikwa.

Umar, mmoja wa masahaba wakubwa, alihuzunika na kuuliza kwa nini wakubali unyonge katika dini yao. Ni swali lile lile wanalokuuliza wanao. Na masahaba walipoambiwa wachinje na kunyoa, hawakuinuka. Aliyeona njia alikuwa mwanamke, Ummu Salama mkewe, aliyemwambia Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Alipofanya hivyo, wote wakainuka. Nakutajia kisa chake kwa sababu nataka uione hekima yake: alipoona maneno yamekuwa mazito, alishauri kitendo, tena kitendo kilichokuwa ndani ya uwezo wa mtendaji mwenyewe. Tutalihitaji hilo mbele.

Sasa nyumba yenu. Kwanza ujue chako ni nini. Baada ya gharama za mazishi, madeni ya baba na wasia wake kama ulikuwapo, usiozidi thuluthi, kilichobaki ni cha wanawe, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kwa watoto wa kiume wawili na wewe mmoja, mafungu ni matano, na lako ni moja. Nasema hivi kwa kuchukua kwamba hakuna mrithi mwengine aliyekuwa hai siku ile, mfano mama yake baba, kwa hivyo hakikisha. Hiyo moja ya tano iko katika nyumba nzima, ya juu na ya chini, na katika kile inachozalisha.

Chukua mfano, si hesabu yenu halisi. Tuseme orofa ya juu iliingiza shilingi 400,000 kwa mwaka. Kaka akatumia 150,000 kwa maji, stima, mfanyakazi, chokaa, na kubadilisha boriti mbili zilizooza. Zimebaki 250,000. Moja ya tano ni 50,000. Wewe umepata 5,000 na unga. Lakini usiende na hesabu hiyo kama upanga, maana kaka ana yake ya kusema na nyengine ni za haki. Yeye ndiye anayewapokea wageni, anayeamshwa usiku tangi likikauka, aliyekaa na nyumba isianguke. Nyumba ya mawe ya matumbawe isiyo na mtu Lamu huanza kuporomoka baada ya masika machache tu. Kazi ya usimamizi ina ujira, na ujira huo utolewe kabla ya kugawanya. Kwa upande mwengine anakaa chini bila ya kulipa kodi kwa nyumba ambayo si yake peke yake. Mkivikabili viwili hivyo, huenda vikatoshana, na hapo pana nafasi nzuri ya kuachiliana bila ya kutoana jasho.

Kuhusu miaka tisa iliyopita nina rai, nawe uipime. Usiisamehe kabla haijahesabiwa, na ikishahesabiwa, isamehe. Kudai kwa ukali fedha za miaka tisa kwa mtu ambaye hakuweka daftari kutamtia hofu ya deni asiloweza kulilipa, na mtu mwenye hofu hiyo hukana kila kitu, pamoja na lile ambalo angelikiri kwa urahisi. Ukimwambia, "Kaka, yaliyopita nimekuachia, yakusaidie na watoto, lakini kuanzia Muharram hii tuandikiane," umempa mlango wa kutokea. Hiyo ndiyo sadaka kubwa ya mtu wa suluhu, na utaitoa ukijua thamani yake. Mwenzio pia atajua umempa nini.

Nani aseme naye? Katika mui wetu watu hukimbilia kumtuma mtu mzima, na mara nyingi ni desturi njema. Lakini katika hili sema wewe kwanza, peke yako. Kaka akisikia kwa ami yake kwamba dadake analalamika, ataona umemtoa nguo nje kabla hujamwambia ndani. Nenda mchana, alasiri iliyotulia, siku ambayo wageni hawapo. Usiende siku ya kufunga karibu na magharibi. Usikae naye kwenye daka, baraza ya mlangoni, ambako kila apitaye anasalimia na kusikiliza, kaeni ukumbini. Mkewe asiwepo ikiwezekana, si kwa ubaya wake, ila mwanamume mbele ya mkewe huona haya kurudi nyuma. Na nakuomba sana, usianze jambo hili kwenye grupu la WhatsApp la familia. Maneno ya simu hayana sauti, kila mtu huyasoma kwa sauti aliyonayo kichwani, na yakishasomwa na binamu ishirini hakuna anayeweza kuyarudisha.

Anza na shukrani ya jambo la kweli. Siyo sifa za kumlainisha, kaka atazinusa. Kama alimuuguza baba, anza hapo. Kama ni yeye aliyepaua upya, mtajie paa hilo. Kisha sema jambo lako kwa ufupi, na useme juu yako, usiseme juu yake. "Kaka, nimekuwa kimya miaka yote hii kuhusu nyumba ya baba, na kimya changu kimekuwa kizito. Nimesikia kuna mkataba unakuja. Nataka tukae mimi na wewe na mdogo wetu, tujue fungu la kila mmoja, kisha mimi nitakuwa mwepesi." Maneno hayo yamebeba kukiri na ahadi ya wepesi kwa pamoja. Usimwambie umekula, umeficha, umetudhulumu. Hata likiwa kweli, likishatoka mazungumzo yatakuwa juu ya jina lake, na nyumba itasahaulika.

Jibu la kwanza nalijua, kwa sababu limekuwa lile lile katika karibu kila kikao cha urithi nilichokaa: "Nani amekutia maneno haya?" Atamaanisha mumeo, au wanao. Huo ni mtego, hata kama yeye mwenyewe hakuutega kwa kusudi, maana ukianza kumtetea mumeo umeshaiacha nyumba. Mjibu kwa upole na kwa ufupi: "Hakuna aliyenitia. Mimi ndiye niliyechelewa kusema." Kisha nyamaza. Mwache akasirike kidogo, apandishe, aseme alivyotaabika. Sikiliza yote. Hapo ndipo upole wako uliozaliwa nao unapofanya kazi ambayo mtu mkali haiwezi, maana mtu aliyesikilizwa mpaka mwisho huanza mwenyewe kupunguza maneno. Akitaka siku za kufikiri, mpe, lakini mpange siku. Wiki moja ni muda wa haki.

Pengine atatokea mtu wa kukuambia mwanamke hadai nyumba kwa nduguye. Lamu si mji wa kusema hivyo. Familia nyingi za nyumba za mawe zilikuwa zikimpa binti nyumba anapoolewa, au kumjengea juu ya ile ya wazazi, au upande wa pili wa njia na kuziunganisha kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia. Wikio hizo zingali juu ya vichwa vyetu. Mwanamke kuwa na nyumba yake Mkomani ni desturi iliyoutangulia mkataba wa mgeni yeyote wa leo.

Na mkataba huo ndio jambo la haraka. Katika mengine yote nakushauri utaratibu, hapa nakushauri usichelewe. Mmoja wa warithi hana haki ya kuifunga nyumba nzima kwa miaka kumi bila ya ridhaa ya wenziwe, na mgeni aliyetulia hutaka kuona saini za wenye nyumba wote, hasa kwa kuwa atataka kutengeneza, na katika Mji wa Kale, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, matengenezo yana vibali vyake. Ukisikia kwamba saini inakaribia kutiwa na kaka bado hajakusikiliza, mwandikie barua fupi ya heshima kwamba wewe ni mrithi na hujaridhia, weka nakala, na umjulishe huyo mgeni pia. Hicho ni kitendo cha aina ile ya Ummu Salama: hakina kelele, hakimtukani mtu, na kimo ndani ya uwezo wako.

Huenda pia mkataba wenyewe si mbaya. Kodi ya uhakika ya miaka kumi inaweza kuwafaa nyote kuliko kusubiri wageni wa kaskazi. Ukienda umeshaamua kuupinga, utaikosa faida yako mwenyewe. Mwulize kaka masharti yake kabla ya kusema la au naam. Na kama mkataba haupo, ipo njia ya kupokezana: warithi wa nyumba isiyogawanyika kukubaliana kwamba mapato ya miezi fulani ni ya fulani. Sheria ya Kiislamu inaijua, na masimulizi ya Lamu yenyewe yanasema pande mbili za watu wa mji, Zena na Suudi, zilikuwa zikipokezana uongozi wake. Ila mkipokezana, angalieni msimu. Mwezi wa Disemba haulingani na mwezi wa Mei, na fungu lako la mapato lisije likawekwa lote kwenye mvua.

Asipokubali kukaa, au akakaa akakana kwamba una fungu, sasa tafuta mtu wa tatu. Mchague yule ambaye kaka huona haya kusema uongo mbele yake, wala usimchague anayependa kumuaibisha mtu. Ami yenu akiwa hivyo, ndiye. Asiwe mmoja tu anayekupenda wewe. Qurani inapotaja mke na mume waliofarakana, katika Aya ya 35 ya An-Nisaa, inataka mwamuzi kutoka kwa jamaa za huyu na mwamuzi kutoka kwa jamaa za yule, na ndugu wawili wakiufuata utaratibu huo hawapotei.

Ikishindikana hapo, Kadhi. Usimwone Kadhi kama mwisho wa undugu. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakakubali kuhukumiwa naye. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama zote za Kenya zikuze maridhiano, upatanishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Kwa hivyo kufungua shauri hakufungi mlango wa kupatana. Mnaweza kuafikiana hata siku ya kesi, na maafikiano yakaandikwa yakawa amri ya mahakama, yenye nguvu kuliko neno la mdomo. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab alipokuwa khalifa aliwaagiza makadhi wawarudishe wagomvi wakasuluhishane, kwa sababu hukumu huzaa chuki baina ya watu. Ni kweli, ndiyo maana nimekuwekea njia ndefu kabla yake. Lakini hata Umar aliwarudisha watu waliokwisha kufika mlangoni na madai yao. Sharti langu moja ni hili: siku utakayoamua kwenda, mwambie kaka kwa kinywa chako kabla hajapokea karatasi. "Kaka, tumeshindwa kulimaliza, naenda kwa Kadhi atugawie, na Idi nitakuja na watoto kama kawaida."

Na uende kweli. Mtume amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Kesi inaweza kuwapo na sahani ya mahamri ikapita kutoka Langoni hadi Mkomani asubuhi hiyo hiyo. Wenye moyo huo nimewaona katika mji huu, na ndugu zao hawakupata nafasi ya kusema dada ametukimbia.

Ulivyoniuliza kama upole una mwisho: hauna mwisho katika sauti, katika subira, katika kumfikiria mwenzio vyema, katika kutangulia kusalimia. Una mpaka pale unapofika kwenye mali au haki isiyokuwa yako peke yako. Ndugu yenu wa Mombasa yuko kimya, na huenda kimya chake ni kama kilivyokuwa chako. Huwezi kumwachia kaka fungu la mdogo wako kwa kuwa wewe ni mwepesi, wala msiligawe yeye akiwa hayupo. Mpigie simu kabla hujaenda Mkomani, umweleze yote kama ulivyonieleza, na kila karatasi mtakayoiandika imfikie aisome kabla ya yeyote kutia saini.